Mto Katuma na Hatima ya Katavi



Anayetaka kuijua Hifadhi ya Taifa ya Katavi na aende mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba. Kutoka Mpanda hadi Sitalike, yaliko makao ya hifadhi, si mwendo mrefu. Kazi ni kufika Mpanda kwenyewe. Ukishaingia, mbung'o watakusindikiza msitu mzima wa miombo hadi miti ifunguke kwenye mbuga ya Katisunga. Huko, mahali paitwapo Ikuu, utakuta viboko kwa mamia wamebanana katika dimbwi la tope, wamelaliana migongoni, madume wakijeruhiana kwa meno. Mamba wamejichimbia mapangoni kwenye kingo za mto, wanangoja mvua. Wageni hupiga picha na kusema wameiona Afrika ambayo haijaguswa na mtu.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao wenyeji wanauhusisha na mzimu wa Katabi, mwindaji wa zamani, na watu wamekuwa wakifika hapo kuweka sadaka. Wabende na Wapimbwe waliishi, waliwinda na waliomba katika nchi hii kabla Wajerumani hawajaitenga kuwa pori la akiba mwaka 1911. Baadaye, chini ya Waingereza, vita dhidi ya malale viliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi maalumu. Kwa hiyo sehemu ya ukimya tunaousifia leo ilitengenezwa kwa amri. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1974, baadaye ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Kila mara serikali, ya kikoloni na ya kwetu, ililinda kwa njia ileile: ilichora mpaka, ikaweka askari.

Lakini maji hayajui mpaka. Mto Katuma huanzia nje ya hifadhi, hupita katika mashamba ya wilaya za Mpanda na Tanganyika, ndipo hulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na hatimaye, kwa jina la Kavuu, huelekea Ziwa Rukwa. Miaka ya karibuni wakulima wa mpunga wamejenga mabanio na kuchimba mifereji, huku misitu ya vyanzoni ikifyekwa kwa mashamba na mkaa. Kiangazi cha Katavi kimekuwa kikali tangu zamani, hilo silikatai. Tofauti ni kwamba mto uliokuwa ukipungua sasa hukatika kabisa. Na kiboko asipokuwa na maji ngozi yake hupasuka kwa jua. Hana pa kukimbilia.

Siwalaumu wakulima. Mpunga wao umesomesha watoto, na wanahitaji mtu wa kukaa nao kuwaonyesha maji wanayoyazuia Julai yanakosekana wapi Oktoba. Askari mwenye bunduki hawezi kulifanya hilo. Linahitaji mtaalamu wa maji, bwana shamba na mwenyekiti wa kijiji wakae meza moja, wakubaliane nani afungue banio lini. Nasema bila kusita: tumefunza wahifadhi wengi wa wanyama na wachache mno wa mito.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka maji ya matumizi ya nyumbani na ya kutunza mazingira yatengwe kabla ya kugawa mengine kwa vibali. Tunayo pia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Naiomba bodi hiyo ipime Katuma kila mwezi wa kiangazi, hapo mto unapoingia hifadhini, na itangaze vipimo hivyo vijijini kwa Kiswahili. Nanyi wanafunzi wa haidrolojia, utafiti wenu ufanyieni huko.