SOMO LA REDIO: Michezo ya Kuwazoeza Watoto Kusema Kiingereza

Mlio na karatasi ya somo hili, ifungueni mfuate kwa kidole. Ambao hamjaipata, sikilizeni tu. Mwalimu wenu atawasomea tena baadaye.

Leo tutazungumza juu ya watoto wetu na lugha ya Kiingereza. Tutajifunza michezo minne ya kuwazoeza kuisema.

Pengine mmoja wenu atauliza: "Mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza kuandika jina langu. Nitamfundishaje mtoto Kiingereza?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mchezo hautaki Kiingereza kingi. Unataka maneno kumi yaliyo sahihi, uwanja uliofagiliwa, na mtu mzima mwenye subira. Maneno mtayapata kwa mwalimu wa shule. Uwanja mnao. Subira ni juu yenu.

Kwanza tutazame sababu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kwa hiyo watoto wetu wengi hujifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo moja tu. Lakini mtoto akifika kidato cha kwanza mambo hugeuka. Hesabu, baiolojia, kemia na jiografia hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari sasa huketi kimya. Jibu analo kichwani, ila mdomo haujazoea kulitoa. Watu hudhani amekuwa mjinga, naye mwenyewe huanza kuamini hivyo. Wengine hukata tamaa, wakaacha shule. Basi, ndugu zangu, jambo hili si la mchezo, ijapokuwa tutalitengeneza kwa michezo.

Sasa jiulizeni: watoto wa nyumba zinazosema Kimwera walijifunzaje Kiswahili? Wengi walianza kabla ya kuona ubao. Walikipata katika kombolela, katika mpira, na kwa kutumwa dukani. Walisikia, wakatenda, kisha wakasema. Hiyo ndiyo njia tutakayoifuata.

Wataalamu nao waliitambua. Harold Palmer, Mwingereza aliyefanya kazi Japani, pamoja na binti yake Dorothée, walitoa kitabu mjini Tokyo mwaka 1925 juu ya kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Baadaye, katika miaka ya 1960, James Asher wa California, Marekani, aliwajaribu watu kwa amri za lugha ya Kijapani: simama, tembea, geuka, keti. Aliona kwamba waliotenda kwa mwili waliikumbuka lugha vizuri kuliko waliotazama tu.

Mchezo wa kwanza ni wa amri. Watoto husimama duara. Kiongozi husema "stand up", maana yake simama, "sit down", keti, "jump", ruka, "stop", acha. Mara ya kwanza kiongozi husema na kutenda, nao humfuata. Mara ya pili husema tu, wala hatendi. Mara ya tatu huwategea: husema "sit down", huku yeye mwenyewe anaruka. Atakayefuata macho badala ya masikio amenaswa.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Desturi ya michezo yetu ni kwamba aliyenaswa hutoka nje. Msifanye hivyo. Anayenaswa upesi ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wenzake. Mkimtoa, atakaa pembeni akitazama waliokwisha kujua. Aliyenaswa na awe kiongozi. Ataitoa amri kwa mdomo wake, na hapo ndipo kusema kunapoanza.

Mchezo wa pili mnaujua tangu utotoni: mchezo wa nyama. Kiongozi hutaja mnyama. Akiwa ni wa kuliwa, watoto huruka. Akiwa si wa kuliwa, hutulia. Sasa mtajeni kwa Kiingereza: "goat" ni mbuzi, "cow" ni ng'ombe, "chicken" ni kuku, "dog" ni mbwa, "lion" ni simba. Nguruwe mwacheni nje ya mchezo huu. Kwa nyumba moja ni nyama, kwa nyumba nyingine si nyama, na mchezo utageuka kuwa shauri.

Mchezo wa tatu ni wa mpira wa matambara. Mwenye mpira huuliza, "What is your name?" yaani, jina lako nani? Kisha humrushia mwenziwe. Aliyeudaka hujibu, "My name is Asha," naye huuliza na kurusha. Wakizoea, ongezeni: "Where do you live?" Unaishi wapi? "I live in Narung'ombe." Katika mchezo huu hata mtoto mwenye haya husema, kwa kuwa macho ya watu yako kwenye mpira.

Mchezo wa nne ni wa kubahatisha. Mtoto huficha kokoto mkononi, moja hadi tano, na kuuliza, "How many?" Ngapi? Mwenziwe hujibu, "Three," tatu. Akipatia, huzichukua. Msitumie korosho zenye maganda, maana mafuta yake hubabua ngozi.

Sasa habari ya matamshi. Ulimi wetu hupenda kumaliza neno kwa irabu. Tunasema "stopu" na "dogi". Kiingereza hukata: stop, dog. Pia wengi wetu huchanganya l na r. Kwa Kiingereza kosa hilo hugeuza maana: "right" ni kulia, "light" ni mwanga. Kabla ya kuanza mchezo, mwendeeni mwalimu wa shule awatamkie kila neno mara tatu, nanyi mrudie. Hakuna aibu kwa mtu mzima kuuliza.

Mtoto akikosea, msimcheke, wala msimkatize. Mwacheni amalize, kisha ninyi mseme neno lile vizuri, na mchezo uendelee. Mtoto akichekwa mara moja tu, anaweza kufunga mdomo mwaka mzima.

Chezeni dakika kumi na tano tu kila siku. Acheni wangali wanataka kuendelea, na kesho watakuja wenyewe. Kila siku rudieni maneno ya jana, kisha ongezeni mawili mapya.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aandike maneno matano ya leo juu ya vipande vya boksi, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Nanyi mtajizoeza kuandika.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mtoto hodari hunyamaza akifika kidato cha kwanza?
2. Kwa nini aliyenaswa asitolewe mchezoni?
3. Ni mchezo gani mwingine wa kwetu unaoweza kuchezwa kwa Kiingereza?

Kwaherini, ndugu zangu. Tuonane katika somo lijalo.