KITAMBI SI CHEO

(Hotuba ya kamati ya tawi katika mkutano wa wanachama wa mashamba ya majani chai, Kericho)



Mmezoea kutusikia tukisema juu ya mshahara, nyumba na kilo za majani. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya tumbo. Tafadhali msicheke kwanza. Tumbo tutakaloanza nalo ni la sisi wenyewe tulioketi hapa mbele yenu.

Mwajua habari ya mwenzetu aliyeanguka penye mizani. Alichuma majani kwa mikono zaidi ya miaka 20, kapu mgongoni, naye alikuwa mwembamba kama ufito. Kisha akapandishwa kuwa nyapara. Akaacha kuinama, akaacha kupanda na kushuka kilima, akapata pikipiki. Lakini sahani yake haikupungua. Baada ya miaka michache akawa na kitambi, nasi sote tukamsifu: "Sasa umekuwa mtu!" Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia akapime presha. Asubuhi moja kalamu ikamtoka mkononi, naye mwenyewe akafuata chini. Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba presha ilikuwa imempanda siku nyingi bila yeye kujua. Mpaka leo mkono wa kulia haufanyi kazi. Kazi ikaisha, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi, nyumba nayo ikaisha. Watoto wakahamishwa shule katikati ya muhula. Chama kilimtetea mpaka akalipwa haki yake ya mwisho. Afya yake hatukuweza kuitetea, kwa maana tulikuwa tumechelewa.

Baada ya hayo kamati nzima tulikwenda kupimwa. Tulikuwa watu 9. Wanne tuliambiwa presha imezidi, na mmoja sukari. Wote watano tulikuwa tukijiona wazima kabisa.

Wako wasemao kwamba unene ni ugonjwa wa wenye magari kule Nairobi, na kwamba huku mashambani jasho latulinda. Sivyo, ndugu zetu. Mwaka 2015 watu wazima wa Kenya walipimwa, wa miaka 18 mpaka 69, ikaonekana kwamba 27 katika kila 100 uzito wao umezidi. Wanawake walikuwa asilimia 38.5 na wanaume 17.5. Karibu robo ya watu wote walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani. Tena mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi waliandika katika jarida la Nature kwamba kati ya 1985 na 2017, zaidi ya nusu ya ongezeko la uzito wa watu duniani lilitoka vijijini, wala si mijini. Basi jambo hili limekwisha kufika mlangoni kwetu.

Limefikaje? Twaona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kazi. Zamani karibu kila mtu katika shamba alitembea. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya uchumaji. Wengine wetu twasimama kiwandani mahali pamoja, wengine twalinda lango, wengine kazi yetu ni kuandika hesabu. Na jioni, hata kwenda kununua kiberiti, twaita bodaboda. Mwili ni kama ghala: mizigo ikiingia kila siku na isitoke, ghala litajaa mpaka mlango usifungike.

Njia ya pili ni chakula, na hapa twataka msikilize vizuri, kwa sababu watu hupenda kumlaumu mnene kwamba ni mlafi. Wazee wetu walipewa posho ya unga katika mashamba haya. Posho ile haipo tena, lakini sahani ni ile ile: mlima wa ugali na kijiko cha mboga. Juu yake tumeongeza mafuta ya kukaangia, chapati, mandazi na soda. Kwa nini? Mshahara ukiisha tarehe 15, mwenye duka hukupa kwa deni unga, mafuta na sukari. Mama auzaye managu na saga sokoni hawezi kukopesha, kwani naye ana njaa. Kwa hiyo tumbo lajaa na mwili wabaki na upungufu. Ndiyo maana katika nyumba moja mwaweza kumwona mama mnene na mtoto aliyedumaa. Hesabu ya taifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Unene wa namna hii si utajiri. Ni umaskini uliovaa koti kubwa.

Na sukari? Twende kwa hesabu. Mtu akinywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku, na ni bora abaki chini ya 25, yaani vijiko 6. Basi sisi tunaochuma chai twamaliza kipimo chote katika chai peke yake. Ukiongeza soda moja ya nusu lita, umeongeza vijiko 12 vingine au zaidi.

Njia ya tatu ni maneno ya vinywa vyetu. Mwanamke akikonda, watu husema mumewe hamlishi. Na tangu UKIMWI ulipoingia Kenya miaka ya 1980, aliyepungua mwili hunong'onwa nyuma ya mlango. Kwa hiyo watu wameogopa wembamba kuliko wanavyoogopa presha. Nasi viongozi tumezidisha kosa. Mtu akichaguliwa katibu, baada ya miezi sita koti halifungi, na wanachama hupiga makofi: "Ameiva!" Ndugu, kitambi si cheo. Cheo mlitupa ninyi kwa kura.

Sasa tufanyeje? Kwanza, kila mtu ajipime mwenyewe, wala hahitaji pesa. Chukua kamba, ipime kwa urefu wako toka kisigino mpaka utosini. Ikunje katikati iwe nusu, kisha izungushe tumboni, karibu na kitovu. Kama ncha hazikutani, tumbo limezidi, na yafaa ukapimwe presha na sukari. Usingoje maumivu, kwa sababu presha haiumi. Ikifika 140 juu ya 90 mara kwa mara, hiyo ni ya kutibiwa. Na ukipewa dawa, usiziache kwa sababu umejisikia vizuri wiki mbili.

Pili, tupunguze bila kujitesa. Mboga ichukue nusu ya sahani. Maharagwe, managu, saga, kunde na ugali wa wimbi ni chakula cha nyumbani kwetu, hakuna haja ya kutafuta kigeni. Kijiko kimoja cha sukari kitoke kikombeni wiki hii, na cha pili mwezi ujao. Na aliyekaa au kusimama kutwa atembee kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki.

Tatu ni kwa tajiri, na hili ndilo tutakalolipeleka mezani katika mapatano yajayo. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamtaka mwajiri awape wafanyi kazi dawa za kutosha wanapougua. Sisi twataka zaidi ya dawa. Twataka kila zahanati ya shamba iwe na kipimo cha presha na cha sukari, na kila mfanyi kazi aliyefika miaka 40 apimwe kila mwaka katika saa za kazi, bila kukatwa mshahara. Twataka kila nyumba katika kambi ipewe kipande cha ardhi cha kulima mboga. Na twataka iandikwe wazi kwamba majibu ya kipimo ni siri ya mfanyi kazi na daktari wake. Kipimo kisigeuzwe kisu cha kumkatia mtu kazi. Atakayeonekana mgonjwa apewe kazi inayomfaa wakati akitibiwa, na nyumba yake isiguswe.

Tajiri atasema jambo hili lina gharama. Tutamwambia ukweli: mwenzetu aliyeanguka penye mizani alijua shamba lile kuliko ramani yake, na hakuna aliyehesabu hasara hiyo.

Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, wajumbe wa kila kambi watakuwa na kamba nje ya ofisi ya tawi. Njoni na wake zenu, na waume zenu, na wazee. Asiyefurahi kupimwa mbele ya watu atapimwa ndani. Kamati itapimwa kwanza, hadharani, ninyi mkitazama. Siku hiyo mnayo ruhusa ya kucheka.