Kuzifikia Bolti Zilizofichika Injini Ivujapo Oili

Mazungumzo kwa wenye magari na mafundi wa Kabazi



Gari litumikalo katika mashamba ya Kabazi halikosi vumbi wakati wa kiangazi, wala matope wakati wa mvua. Vumbi hilo ndilo linalomficha adui. Oili ikianza kuvuja, hata kidogo sana, vumbi hushikamana nayo likawa ganda jeusi chini ya injini, na mwenye gari hudhani kuwa ni uchafu wa njiani tu. Siku moja pikapu yapanda mlima ikiwa imejaa magunia ya mahindi au mitungi ya maziwa. Oili iliyobaki yakimbilia upande mmoja wa sampu, yaani lile bakuli la chini ya injini. Pampu yavuta hewa badala ya oili, na vyuma vyaanza kusagana vikavu. Gasketi ni kitu cha bei ndogo. Injini iliyokwama yaweza kummalizia mtu faida ya mavuno mazima.

Basi mwenye gari huenda kwa fundi, na fundi huona bolti mbili au tatu ambazo mkono haufiki. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, si kwa uvivu, bali kwa kushika chombo kisichofaa.

Kabla ya kugusa spana yoyote, haina budi injini isafishwe na kukaushwa, kisha iwashwe kwa muda mfupi na kutazamwa kwa tochi. Oili hushuka chini, tena upepo wa mwendo huirudisha nyuma, kwa hiyo mahali idondokapo si lazima pawe ndipo itokapo. Itafutwe alama ya maji maji iliyo juu kuliko zote. Aghalabu sampu hushutumiwa bure, na kosa ni la gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Yafaa pia kulitazama bomba la kupumulia la injini. Likiziba, nguvu ya hewa hubaki ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili zote, na fundi atabadili gasketi tatu bila kupata nafuu.

Sasa yaja shauri la vyombo. Fundi hodari hajiulizi kwanza, "Bolti hii yataka nguvu gani?" Hujiuliza, "Mkono wa spana una nafasi ya kuzunguka kiasi gani?" Kichwa cha bolti kina pande sita, kwa hiyo spana ya mdomo wazi yahitaji kuzungushwa digrii 60 kabla ya kushika upande unaofuata. Katika magari mengi ya siku hizi, ambayo injini imelala kukingama, nyuma yake mna nafasi finyu mno, na digrii 60 hazipatikani. Lakini itazameni spana ya mdomo wazi: mdomo wake haukunyooka na mkono, umepinda kama digrii 15. Haukupindwa kwa urembo. Fundi akizungusha kidogo, akaitoa spana, akaigeuza chini juu na kuirudisha, digrii 30 zamtosha. Wako watu waliotumia spana miaka mingi wasijue siri hiyo.

Spana ya ringi yenye pembe kumi na mbili nayo hutosheka na digrii 30, tena hukishika kichwa pande zote, hivyo ni bora kuliko mdomo wazi kila inapoweza kuingia. Soketi yenye pembe sita hushika kwa imara zaidi, na ndiyo ya kutumiwa kwa bolti yenye kutu au iliyokwisha kuumia. Kama hakuna nafasi ya mkono karibu na bolti, mkono na uondolewe hapo: soketi ifungwe chuma kirefu cha kurefusha, hata viwili vikiunganishwa, mpaka racheti ifike mahali peupe nje ya mabomba na nyaya. Njia ikiwa na kona, hutiwa kiungo kinachopinda. Lakini kiungo hicho kisipindwe sana, maana hupoteza nguvu na kuiangusha soketi kando. Na racheti zenyewe hazilingani. Yenye meno 24 hudai digrii 15 kila mvuto. Yenye meno 72 hudai digrii 5 tu. Kwa kazi ya mafichoni, hiyo ya pili yastahili bei yake.

Mafundi wa jua kali wa Nakuru na kwingineko katika Kenya wana dawa nyingine tena. Huchukua spana ya bei rahisi, wakaikata fupi, au wakausaga ukingo wake uwe mwembamba, au wakaipasha moto na kuipinda. Desturi hiyo si ya kudharauliwa. Ila ijulikane kuwa moto hupunguza ugumu wa chuma. Spana iliyopindwa hivyo ni ya bolti ndogo, si ya kuning'iniwa na mtu mzima.

Vipimo navyo vina hila yake. Magari ya Kijapani hupenda bolti za milimita 10, 12, 14 na 17. Ya Ulaya hutumia sana 13. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1940 na 1950 yalikuwa na vipimo vya Whitworth, ambavyo namba ya spana huonyesha unene wa bolti, wala si upana wa kichwa. Mwenye Land Rover kuukuu asishangae spana zake zikikataa. Tena spana ya inchi 9 kwa 16 huingia katika bolti ya milimita 14, ikaonekana yafaa, kumbe ina pengo la karibu milimita 0.3. Pengo hilo latosha kuzila pembe za kichwa, na bolti ya mafichoni iliyoliwa pembe yaweza kulazimisha injini nzima kushushwa.

Bolti ikikataa, itiwe mafuta ya kulainisha kutu, iachwe, hata usiku kucha ikibidi. Moto haufai karibu na oili na petroli. Na fundi aliye juu ya injini akumbuke kwamba bolti ambayo kichwa chake chatazama chini huonekana kwake kama yafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi wamekata bolti nzima huku wakidhani wanaifungua.

Wakati wa kufunga, bolti zote zianzwe kwa vidole, ndipo zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, upande huu na upande huu. Bolti za sampu ni ndogo, hazitaki ubavu. Zikikazwa mno, ukingo wa bati hupinda, gasketi hubanwa ikatoka nje, na uvujaji huwa mbaya kuliko wa kwanza. Kwa sababu hiyo racheti fupi ni salama kuliko ndefu.

Yeyote aingiaye chini ya gari asiitumainie jeki peke yake, bali aweke stendi imara na mawe nyuma ya magurudumu. Oili chafu ikingwe katika debe. Ikimwagwa mtaroni, mvua huichukua mpaka kwenye maji ya mifugo.

Kazi ikiisha, oili ipimwe, injini iwashwe mpaka ipate moto, na vyombo vihesabiwe vyote kabla ya kufunga boneti. Usiku huo gari lilazwe mahali tambarare, na gazeti kuukuu litandazwe chini ya injini. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, magunia yapakiwe. Ikiwa na doa, fundi aitwe arudi na tochi yake, aanze tena kutazama kutoka juu.