Mwenye Mabasi na Kinu cha Pamba

(Maneno aliyosema mwenezi wa tawi mbele ya mkutano wa wakulima wa pamba)



Jumamosi mtapiga kura kuamua nani akabidhiwe kinu chetu cha kuchambulia pamba. Wengi wenu mmekwisha sema wazi kwamba apewe yule ndugu yetu mwenye mabasi, kwa kuwa nauli yake ni ya chini kuliko ya wenzake na bado anapata faida. Mnasema aliyeweza kupunguza gharama za mabasi atapunguza na za pamba. Mimi sina ugomvi naye. Mabasi yake hata mimi nayapanda. Lakini neno hilo tulipime, maana fedha ni zenu.

Kongwa mmesimuliwa. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, aliishauri Serikali ya Kiingereza ilime karanga Afrika ya Mashariki kwa matrekta. Kampuni ile ilikuwa na sifa kubwa katika biashara ya mawese na karanga Afrika ya Magharibi, basi ikapewa kuianzisha kazi. Shabaha ya mwaka 1947 ilikuwa ekari 150,000; zilizopandwa hazikufika 8,000. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu ya vita, vipuri taabu. Mvua ya Ugogo ikakatika, udongo ukakauka kama saruji, karanga zisichimbike. Mwaka 1948 kazi ilitiwa mikononi mwa shirika jipya la Serikali, na Januari 1951 mpango ukaachwa. Paundi kama milioni 36 zilikwisha potea.

Na karanga ni zile zile! Lakini kampuni ilizoea kununua karanga za mkulima wa Nigeria ya Kaskazini, aliyelima kwa jembe lake na kwa hatari yake. Mvua ikikosa, wa kwanza kuumia ni yeye. Unafuu ule walioujua ulikuwa mgongoni mwa mtu mwingine, na walipokuja kulima wenyewe mzigo ukawaangukia wao.

Sisemi ujuzi hauhami. Mwaka 1913, Henry Ford alipoanza kuunda magari kwa mtindo wa kazi kumfuata mfanyakazi alipo, mfano mmoja aliupata kwa wachinjaji wa Chicago: nyama iliyotundikwa hupita, kila mtu akakata kipande chake. Kuunganisha fremu ya gari kulichukua zaidi ya saa 12. Kukashuka hadi saa moja na nusu hivi. Nyama na chuma ni mbali, ila kazi ilifanana. Ford huyo huyo, mwaka 1928, akaanza kupanda mipira Brazil kando ya mto Tapajós. Miti ilipandwa karibu karibu, ugonjwa wa majani ukaruka mti hadi mti, na mwaka 1945 shamba likauzwa kwa serikali ya Brazil kwa hasara ya dola kama milioni 20.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Basi hutembea mwaka mzima, na kila jioni fedha huingia. Kinu hufanya kazi miezi michache ya msimu, kisha hulala. Mshahara wa mlinzi na riba ya mkopo havilali. Gharama ya kila kilo hutegemea pamba imekuja nyingi au chache, na hilo liko kwa mvua na kwa bei mnayolipwa, si kwake. Pamba ikija mbichi au na mchanga, kujua dizeli hakumsaidii.

Lakini kuisomba pamba kutoka vituo vya kununulia hadi kinuni, na marobota kutoka kinuni hadi stesheni, ni kazi yake kabisa. Matairi, barabara mbovu, dereva anayepakia abiria wa magendo (mnacheka, mnawajua!), hayo yote anayaweza kuliko sisi. Maoni yangu ni kwamba apewe usombaji, bei iandikwe katika mkataba, na wa kuendesha kinu atafutwe miongoni mwa watu waliokwisha kaa na mashine za kuchambua misimu miwili mitatu.

Kama bado mnamtaka kwa yote mawili, mwulizeni Jumamosi kabla ya kura: mwaka pamba ikija nusu, kuchambua kilo moja kutatugharimu shilingi ngapi? Aandike jibu lake, na katibu alisome mbele ya mkutano.