Unyevu Kutoka Chini: Tulinde Nyumba Zetu Kuanzia Msingi

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa kamati za ujenzi za sharika, Ifakara)



Ndugu wenyeviti wa kamati, wainjilisti, mafundi, pamoja na wageni wetu mnaotusaidia kutoka mbali,

Mgeni mmoja kutoka Ujerumani aliwahi kuniuliza kama nyumba zetu za watumishi zina chumba cha chini ya ardhi cha kuhifadhia vyakula, maana kwao nyumba nyingi zinacho, na kila mwaka wanahangaika kukikinga na unyevu. Mzee mmoja wa usharika aliyekuwa karibu akamjibu kabla yangu: "Hapa ukichimba chini hupati stoo, unapata kisima." Tulicheka sote. Lakini baadaye nilitafakari nikaona kwamba tatizo lao ni letu pia. Sisi hatuna vyumba vya chini, ila sehemu ya chini ya kila ukuta wetu imesimama ndani ya unyevu uleule.

Bonde letu la Kilombero ni bonde la maji. Upande mmoja tuna Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge, na mvua ya mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 1,800. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kimataifa. Ni baraka kwa mpunga na samaki. Kwa nyumba ni mtihani.

1. Kosa ninaloliungama

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti. Fedha zilipungua tukiwa bado kwenye msingi. Taarifa kwa wafadhili ilikuwa inakaribia, na kila mtu alitaka kuona picha ya bati. Katika bajeti kulikuwa na mstari wa nailoni ya msingi na wa kuinua msingi kozi mbili zaidi. Nilisaini mistari yote miwili ifutwe.

Masika ya pili ukuta ulilowa hadi usawa wa kiuno cha mtoto. Ukatoka unga mweupe, lipu ikabanduka. Kamati ikapaka rangi, na mwaka uliofuata ikapaka tena. Mara ya tatu mama wa nyumba alinionyesha daftari la ubatizo lililokuwa kabatini: limeota kuvu, majina mengine hayasomeki. Watoto wake walikuwa wakikohoa. Sisemi kwamba ukuta ndio uliowaumiza, kwa kuwa mimi si daktari. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Mama yule hakunilaumu, nami nikaona aibu zaidi.

2. Maji yanapandaje ukutani?

Tazameni koroboi. Mafuta ya taa yako chini, lakini yanapanda kwenye utambi bila kusukumwa na mtu. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo vidogo, nalo hufanya kazi kama utambi. Maji yanapopanda hubeba chumvi ya ardhini. Yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki. Huo ndio unga mweupe tunaoufagia, na ndio unaobandua lipu.

Hapo tunafanya kosa la pili: tunapiga lipu nzito ya saruji ili kuziba. Maji hayaishi, ila yanakosa pa kutokea, basi yanapanda juu zaidi. Jambo hili wanalijua vizuri mafundi wanaokarabati majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Majumba yale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lipu ya saruji hufungia unyevu katika kuta za namna hiyo, ndiyo maana mafundi hao husisitiza kurudi kwenye chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue.

3. Kwa nyumba mpya

(a) Inueni msingi. Kozi yenye kizuizi cha maji iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Maeneo yanayofikiwa na mafuriko ya mto Lumemo yanahitaji zaidi. Waulizeni wazee maji yalifika wapi.

(b) Tandikeni nailoni nzito ya ujenzi, geji 1000, juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta, na udongo wa saruji chini na juu yake. Ipite upana wote wa ukuta. Panapoungwa, vipande vipishane sentimita 15. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019 haihusu nailoni hii.

(c) Chini ya jamvi wekeni mawe, mchanga, kisha nailoni, ndipo zege. Nailoni ya sakafu ikutane na ile ya ukutani, la sivyo maji yatapita katikati.

(d) Bati litokeze vya kutosha, sentimita 60 au zaidi, na mtaro uzunguke nyumba na kupeleka maji mbali.

4. Kwa nyumba zilizokwisha kulowa

Kwanza hakikisheni maji yanatoka wapi. Bandikeni kipande cha nailoni sakafuni, mzibe kingo zake, mkiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa chini, yanatoka ardhini. Yakiwa juu ya nailoni, ni mvuke wa ndani, fungueni madirisha. Angalieni pia bati linalovuja na bomba lililopasuka.

Kisha anzeni na kazi ya jembe. Kwenye nyua zetu, kifusi na udongo wa kufagia hupanda mwaka hadi mwaka mpaka vinafunika msingi. Ondoeni udongo huo, chimbeni mtaro. Bandueni lipu ya saruji iliyolowa na mwache ukuta ukauke kiangazi chote kabla ya kupiga lipu ya chokaa. Ukuta hukauka kwa miezi, si kwa siku. Kuchomeka nailoni katika ukuta uliosimama kunawezekana, kwa kukata kipande kifupi kifupi, lakini apewe fundi anayeijua kazi hiyo.

Na magunia ya mpunga yasikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Yawekeni juu ya chaga. Babu zetu waliolala kwenye madungu mashambani walilijua hilo.

5. Ombi langu

Kwa kamati: fedha zikipungua, punguzeni rangi, punguzeni hata vyumba, lakini msiguse msingi. Mwiteni katibu aje aione nailoni na kuipiga picha kabla haijafunikwa.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru sana. Tunaomba mkubali taarifa yenye picha ya shimo na karatasi nyeusi, hata kama bati bado. Nailoni ya kuzunguka nyumba ya vyumba vitatu ni sehemu ndogo ya gharama ya bati lake, lakini ikishasahauliwa hairudishwi kwa bei ileile.

Nyumba ile ya mwinjilisti tumeshachimba mtaro na kubandua lipu. Tunasubiri ikauke. Safari hii sijaruhusu mtu apake rangi.