MAZOEA MADOGO YA AFISINI
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katibu aliponitaka niseme juu ya maelewano kazini, nilimjibu kwamba afadhali amtafute mtu mwingine, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kukaa na mwenzangu miezi minne bila kusemezana. Akaniambia, "Basi wewe ndiwe hasa tunayekutaka." Kwa hiyo nawaombeni radhi, nami nitaeleza yaliyonipata.

Katika afisi niliyoandikwa kazi hapo kwanza, mjini Nairobi, tulikuwa makarani watatu chumba kimoja. Mimi na mmoja wao twatoka Ukambani. Wa tatu alikuwa bibi mmoja, mzaliwa wa Lamu. Kila asubuhi mimi na ndugu yangu huyo tuliamkiana kwa Kikamba, tukaendelea vivyo hivyo mpaka saa nne ya chai, huku yule bibi ameinamia hati zake. Kwa hakika hatukuwa na neno baya. Mara nyingi tulizungumza habari za ng'ombe wangu aliyekuwa amekataa kula.

Ukafika mwezi wa Agosti, mwaka 2022. Tulipiga kura tarehe 9, na matokeo yakatangazwa tarehe 15. Nanyi mwakumbuka jinsi watu walivyotazamana siku zile. Siku moja katika hizo, mimi na mwenzangu tulicheka mara tu yule bibi alipoingia. Tangu hapo hakunipa tena hati ya malipo mkononi. Alimpa tarishi, naye tarishi akaniletea mimi, hali meza zetu hazikupitana hatua tatu. Kazi ya dakika mbili ikawa ya nusu siku, na wenye kudai fedha zao wakangoja nje kwenye benchi. Wao walikuwa wamekosa nini?

Mwezi wa Desemba yule tarishi, ambaye ni mtu mzima kunishinda sana, alinivuta kando akasema, "Mwanangu, yule mama adhani mwamsengenya. Huyo ng'ombe wenu, mbona hamumtaji kwa Kiswahili?"

Kesho yake nilimwamkia bibi yule kwa jina lake, nikamweleza habari ya ng'ombe tangu mwanzo. Alinitazama kitambo. Hakucheka. Kisha akauliza, "Akapona?"

Katiba yetu ya mwaka 2010 yakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi likizo ya siku zisizopungua 21 kwa mwaka. Lakini sijaona kifungu kimwagizacho karani ageuze maneno yake mtu wa tatu anapokaribia, wala amwulize tarishi kama mtoto wake aliyelazwa ameamkaje. Hayo tumeachiwa wenyewe. Simlaumu asemaye lugha ya mamaye. Mimi naisema, na wanangu nawafundisha. Nasema tu kwamba mtu asiyeifahamu, akiwa chumbani, husikia kicheko peke yake.

Juu ya kukopana nitasema kidogo, maana naona baadhi yenu mmeanza kutazama viatu vyenu. Shilingi mia mbili za katikati ya mwezi hazivunji urafiki. Kinachouvunja ni mdaiwa kupita mlango wa nyuma. Akija mwenyewe na kusema, "Bado sijapata, ningoje," mwenye fedha yake aweza kukasirika siku moja, lakini hatakuwa na la kudhani. Na kosa la mwenzako katika hesabu, mwonyeshe mkiwa wawili, kabla ya kulipeleka kwa mkubwa.

Yule bibi sasa huja mezani petu na kikombe chake. Amekuwa akinisahihisha Kiswahili changu, na hata hotuba hii ameipitia kwa kalamu nyekundu. Makosa yaliyosalia ni yangu. Mweka Hazina amekwisha simama na daftari lake, nami namwachia nafasi.