ASILI YA WIMBO WA TAIFA NA SIKU TUNAZOZIADHIMISHA

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa Kibakwe, Wilaya ya Mpwapwa, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji wetu.)



Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Kila mwanafunzi aliyepo hapa anaujua Wimbo wa Taifa kwa moyo. Walioambiwa ulikotoka ni wachache, na hilo ndilo ninalokusudia kulieleza leo.

Sauti ya "Mungu Ibariki Afrika" haikutungwa katika ofisi ya serikali, wala haikutungwa Tanganyika. Ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini. Maneno yake ya awali yalikuwa ya Kixhosa. Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumsimika mchungaji. Sontonga alifariki mwaka 1905 angali kijana, asijue kazi yake ingefika wapi. Tarehe 8 Januari, 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein, katika mkutano ulioasisi chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake rasmi.

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, sauti hiyo, ikiwa na maneno ya Kiswahili, ndiyo iliyokuwa Wimbo wa Taifa. Zambia nayo iliichukua mwaka 1964, ikaipa maneno mengine. Sisi tunao ubeti wa kwanza unaoiombea Afrika nzima, na wa pili unaoiombea nchi yetu. Baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili, 1964, jina la Tanganyika katika ubeti huo wa pili lilipisha jina la Tanzania.

Hapa napenda vijana wetu watofautishe siku hizi. Tarehe 9 Desemba ni ya Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, na pia ya kuwa Jamhuri mwaka 1962. Tarehe 12 Januari ni ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Tarehe 26 Aprili ni ya Muungano. Kila moja ina chanzo chake, na anayezichanganya huwanyima haki yao waliozipigania.

Ndugu wananchi, historia hii haiko mbali na Kibakwe. Mwaka 1964, jirani zetu wa Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya hii ya Mpwapwa, walipokea wapigania uhuru. Mahali palipokuwa na mashamba ya karanga ya Waingereza, mradi ulioanza mwaka 1947 na kushindwa kufikia mwaka 1951, pakawa kambi ya wana wa ANC, FRELIMO, SWAPO na vyama vingine. Basi katika nyanda hizi kavu za Ugogo, sauti ile ile ilikuwa na wenyewe wawili. Kwa wenyeji ulikuwa wimbo wa nchi iliyokwisha kujitawala. Kwa wageni wa ANC ulikuwa bado ni dua ya nchi waliyokatazwa kurudi. Iliwapasa kungoja hadi mwaka 1994, na wako waliozikwa Kongwa kabla ya siku hiyo.

Ubeti wetu wa kwanza, kwa hiyo, haukuwa maneno matupu. Watu wa sehemu hizi, ambao mara nyingi mvua huwanyima mtama na uwele, waliishi na wageni hao kama majirani.

Aidha, tuzingatie jambo moja. Kaburi la Sontonga lilikaa miaka mingi bila kujulikana lilipo. Lilitambuliwa baada ya utafiti, na mwezi Septemba, 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Afrika ya Kusini. Mamilioni waliuimba wimbo wake, na mahali alipolala pakasahauliwa. Sisi nasi tunao wazee walioiona Kongwa ya miaka ile, na kila mwaka wanapungua.

Kwa sababu hiyo, natoa ombi kwa walimu wetu. Kabla ya tarehe 9 Desemba ijayo, kila shule iwatume wanafunzi kwa wazee, kwa adabu na kwa ridhaa yao, wayaandike wanayoyakumbuka: mwaka, mahali na jambo lililotendeka. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ihifadhiwe katika ofisi ya kata. Gharama yake ni daftari na kalamu. Wazee wakishaondoka, hatutapata tena wa kumwuliza.

Tukisimama kuuimba wimbo huu, tusimame tukijua tunamshukuru nani.